Jinsi ya kulalamika mpaka lalamiko lifanyiwe kazi

Anayepokea simu yako mara nyingi hana mamlaka ya kulimaliza tatizo lako. Kazi yake ni kuliandika, kujaribu mambo mawili matatu yaliyo kwenye mwongozo wake, na likimshinda kulipeleka mbele. Atakayelimaliza yuko ngazi ya pili au ya tatu. Hutaongea naye, hajui sauti yako ilipanda kiasi gani, na mbele yake ana mistari michache iliyoandikwa na mwenzake aliyekuwa na haraka. Kwa hiyo unapolalamika una kazi moja: kuhakikisha mistari hiyo imeandikwa vizuri. Kufoka hakuingii kwenye faili. Kukiingia, huandikwa hivi: "mteja mkali".

Kusanya kwanza, piga simu baadaye

Unahitaji namba ya akaunti au ya muamala, tarehe na saa, maneno kamili ya ujumbe wa kosa, ulichokuwa unafanya kabla tu haujatokea, na unachotaka wakufanyie. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Mtu anasimulia usumbufu wote tangu mwanzo, mhudumu anauliza "kwa hiyo nikusaidie nini?", kimya. Amua mapema kama unataka pesa irudishwe, huduma irejeshwe au taarifa zisahihishwe. Chagua moja. Ukidai matatu kwa mpigo, litashughulikiwa lile rahisi kuliko yote na faili litafungwa.

Namba ya muamala inakili kutoka kwenye ujumbe au risiti, usiiandike kwa kukumbuka. Herufi O na sifuri, I na 1, huchanganywa kila siku. Saa andika kwa mtindo wa saa 24. Ukisema "saa mbili" ukimaanisha 20:00, mwingine ataandika 2:00, na fundi atachungulia kumbukumbu za mitambo mahali pasipo na kitu. Seva nyingi hutunza saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia isiyofuata nchi yako, hivyo taja pia kwamba saa yako ni ya mahali ulipo.

Picha ya skrini ipige nzima, saa ya simu na anwani ya ukurasa zionekane. Ukikata kingo ili ipendeze, umekata ushahidi. Kama kuna namba ya kosa, iandike. Zinazoanza na 4 humaanisha ombi lililotoka kwako halikukubaliwa: 404 ukurasa haupo, 403 huna ruhusa, 429 umejaribu mara nyingi mno kwa muda mfupi, pumzika kidogo. Zinazoanza na 5, kama 500, 502 au 503, kwa kawaida ni za upande wao. Ukiwa na picha ya 503 mkononi, ile kauli ya "labda intaneti yako inasumbua" haikuhusu.

Fomu inayokukataa bila kusema kwa nini

Hapa maliza kwanza sababu za kawaida, maana mhudumu atakurudisha hukohuko.

Sababu kubwa haionekani kwa macho: nafasi tupu iliyonaswa mwishoni ulipobandika namba au barua pepe. Peleka kishale mwisho wa kisanduku, futa mara moja, ona kama kilichofutika ni herufi au hewa. Namba ya simu ijaribu kwa mtindo wa kimataifa: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba bila sifuri ya mwanzo, jumla isizidi tarakimu 15. Ikikataa, ondoa alama ya kujumlisha. Ikikataa tena, rudisha sifuri na uondoe msimbo. Tarehe kama 03/04 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine. Penye kalenda ya kubofya, itumie.

Majina yana shida yake. Mifumo mingi hukataa ritifaa, ile alama ya ('), kwa hiyo mwenye ng' kwenye jina lake anaambiwa jina lake "si sahihi". Wakati mwingine kosa ni la kibodi: simu huandika ritifaa iliyopinda wakati mfumo unaijua ile iliyonyooka tu. Jaribu kuiandika kwa kompyuta. Ikishindikana kabisa na ukalazimika kuiacha, hifadhi picha ya fomu ilivyokukatalia. Siku ya uhakiki, jina la akaunti na la kitambulisho zitapishana, na bila picha hiyo utaonekana wewe ndiye uliyekosea.

Picha za vitambulisho hukwama kwa ukubwa au aina ya faili. Picha ya kamera ya simu hupita MB 2 kwa urahisi, na baadhi ya simu huhifadhi kwa HEIC, ambayo fomu nyingi haziijui. Ifungue picha, piga picha ya skrini, tuma hiyo. Huwa ni PNG au JPEG. Kagua tu kama maandishi bado yanasomeka. Jina la faili liwe fupi, bila nafasi wala alama.

Maelezo marefu yaandikie kwingine kwanza, kisha uyabandike. Kurasa nyingi hukutoa baada ya dakika kadhaa za kukaa kimya bila kukuonya, na ukibofya "tuma" kila kitu kimeyeyuka. Kama fomu bado inagoma, ifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Ikikubali huko, tatizo ni kumbukumbu zilizohifadhiwa au programu-jalizi, zile programu ndogo zilizoongezwa kwenye kivinjari. Kitufe cha "lipa" kikizunguka bila jibu, usikibofye mara ya pili. Angalia kwanza salio au ujumbe wa benki, kwa sababu mara nyingi malipo yameshapita na kilichokwama ni jibu tu.

Kwenye simu

Foleni ya simu haikui taratibu, hulipuka. Mdenmaki A. K. Erlang aliyafanyia hesabu mambo haya kwa ajili ya kampuni ya simu ya Copenhagen na kuchapisha mwaka 1909, na hesabu zake bado hutumika kupanga idadi ya wahudumu. Chukua mfano rahisi wa mhudumu mmoja anayepigiwa bila mpangilio maalum. Akiwa na kazi asilimia 80 ya muda wake, wastani wa kusubiri ni mara 4 ya muda wa kumhudumia mtu mmoja. Kwa asilimia 90 ni mara 9. Kwa asilimia 95 ni mara 19. Ndiyo maana kuisogeza simu yako kidogo, kutoka saa ya mapumziko ya mchana hadi dakika za kwanza za kufungua ofisi, huleta tofauti usiyoitarajia. Jumatatu na siku inayofuata sikukuu ziache kama unaweza.

Mashine ikikusomea orodha, jaribu 0, au kaa kimya bila kubonyeza kitu; baadhi ya mifumo humuunganisha mpigaji asiyebonyeza kitu na mhudumu. Mingine hukata simu, basi umejua. Njia ya wateja wapya au mauzo hupokelewa haraka, lakini huyo wa mauzo atakuhamisha na utaanza foleni upya, kwa hiyo itumie tu pale njia nyingine zote zimekufa. Wakikupa nafasi ya kupigiwa, ikubali.

Ukipata mtu, sema kwa mpangilio huu: namba, tatizo kwa sentensi moja, unachotaka. "Habari za kazi dada. Akaunti yangu ni hii. Nimekatwa mara mbili kwa malipo ya mwezi huu, naomba moja lirudishwe." Vituo vingi hupima wahudumu kwa wastani wa muda wa simu, kwa hiyo hadithi ndefu humfanya atafute pa kukuhamishia. Akitaka kukuhamisha, muulize kama ataongea na mwenzake kwanza au anaisukuma simu tu. Ikiwa anaisukuma, chukua namba ya kumbukumbu kabla.

Na kabla hamjaagana: "Samahani, naomba unisomee ulichoandika." Watu huona aibu kuliuliza hili, na ndilo lenye faida kuliko yote. Utashangaa ni mara ngapi "amekatwa mara mbili" imegeuka "mteja anauliza kuhusu makato". Msahihishe kwa upole, omba namba ya kumbukumbu, jina lake la kazini, na tarehe ya jibu. "Ndani ya saa 24 hadi 72" ni kauli ya kukutuliza. Uliza: ni siku gani, na kama hakuna jibu siku hiyo nimtafute nani?

Halafu andika, hata kama mmeshaongea

Siku hiyohiyo tuma barua pepe fupi. Mfano:

"Yah: Kumbukumbu 48213 – malipo yamekatwa mara mbili. Tarehe 3 Juni, saa 20:14 na 20:15 (saa za hapa), nilikatwa 45,000 mara mbili kwa huduma moja. Namba za miamala ziko kwenye picha nilizoambatisha. Leo saa 09:40 nimeongea na mhudumu wenu, akaahidi jibu kufikia Ijumaa tarehe 6. Naomba muamala wa pili urudishwe kwenye akaunti uliotoka. Nisipopata jibu kufikia siku hiyo, nitalipeleka lalamiko kwa msimamizi."

Hakuna "nimesikitishwa sana na huduma yenu mbovu". Inaruhusiwa, lakini inachukua mstari uliopaswa kubeba namba. Namba ya kadi weka tarakimu nne za mwisho tu. Namba tatu za nyuma ya kadi, nywila na msimbo wa SMS havihitajiki kwenye lalamiko lolote.

Endelea kujibu ndani ya uzi uleule wa barua. Mifumo ya tiketi, ambamo kila lalamiko hupewa faili lenye namba yake, hutambua namba iliyo kwenye kichwa cha barua. Ukianzisha barua mpya unazaa tiketi mpya, na mara nyingi mhudumu ataziunganisha na kukurudisha nyuma ya foleni. Kuandika kila siku "naulizia" nako huweza kuisogeza nyuma, kwa sababu mifumo mingine hupanga kwa ujumbe wa mwisho.

Angalia hasa tiketi inapowekwa hali ya kumsubiri mteja. Mhudumu amekuuliza swali dogo, barua imeangukia kwenye taka, siku kadhaa zinapita, mfumo unaifunga wenyewe na kuihesabu kuwa imetatuliwa. Kagua folda ya barua taka kila siku. Ikifungwa kabla tatizo halijaisha, jibu barua ileile kwa sentensi moja: "Tatizo halijatatuliwa, naomba ifunguliwe." Kwa mifumo mingi hilo latosha, ila usichelewe, maana baadaye mlango hufungwa moja kwa moja.

Ikigoma kabisa

Panda ngazi kwa mpangilio: msimamizi, idara ya malalamiko, kisha mdhibiti wa sekta husika. Wadhibiti wengi watakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa kampuni yenyewe na lini, na hapo ndipo ile barua yenye tarehe inapolipa. Kama ulilipa kwa kadi, benki iliyoitoa inaweza kupinga malipo kwa niaba yako. Mlango huo una muda wake, kwa hiyo usiuache ukipita huku ukisubiri ahadi ya "wiki ijayo".

Huduma za kulipia kila mwezi zina mtego wake: kuifuta programu kwenye simu hakusimamishi makato. Jiondoe pale ulipolipia. Kama ni kupitia duka la programu, ni huko kwenye orodha ya usajili. Kama ni tovuti, ni ndani ya akaunti. Kitufe chekundu kinachong'aa mara nyingi ni cha kubaki, na cha kuondoka ni yale maandishi ya kijivu chini yake. Usiondoke kwenye ukurasa mpaka uone tarehe ya mwisho wa huduma, na uipige picha.

Ukilalamika hadharani mtandaoni, tarajia wageni. Matapeli hutafuta malalamiko hayo na kujitokeza wakiwa na nembo ya kampuni, wakikuomba namba ya simu na kisha msimbo "tuuhakiki". Usimjibu aliyekuanza yeye. Ingia kwenye tovuti rasmi, chukua mawasiliano huko, na taja kumbukumbu uliyonayo. Mhudumu wa kweli ataiona kwenye mfumo wake bila kukuomba msimbo wowote.