Dari inalowa na mvua haijanyesha: somo kwa wenye kiyoyozi chini ya bati

Madoa ya njano kwenye jipsamu, fangasi kwenye kona, na mvua hakuna. Kabla hujamlipa fundi abadilishe mabati, hakikisha kama paa linavuja au dari inatoa jasho. Tiba zake ni mbalimbali.

1. Paa linalovuja huacha doa mahali pamoja, nalo hukua baada ya mvua. Jasho hutandaa, na huzidi kiyoyozi kikikesha. Panda darini asubuhi, papasa mgongo wa jipsamu. Kagua pia bomba la maji ya kiyoyozi. Likiziba, hulowesha dari vilevile.

2. Hapa ndipo wengi wanapoponzwa. Hewa yenye nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 75, ya kawaida kabisa Dar, huacha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 25 hivi. Kiyoyozi kikiwa 18, jipsamu hupoa chini ya hapo, na hewa ya darini huiloanisha kwa juu. Maelekezo ya Ulaya husema nailoni ya kuzuia mvuke iwe upande wa chumba, kwa kuwa kule wakati wa baridi unyevu hutoka ndani ya nyumba. Kwetu unatoka nje. Ukiwaiga, unafungia maji ndani ya sufi ya kuzuia joto inayotandazwa juu ya dari.

3. Ziba kwa silikoni kila mwanya wa taa na nyaya.

4. Tandaza sufi ya vioo juu ya jipsamu kavu, upande wake wa foili, unaozuia mvuke, utazame bati, viungo vyote vibandikwe tepu ya foili. Usifanye haya masika dari ikiwa bado mbichi, tafadhali.

5. Kiyoyozi kiwe 25 au 26.

Maswali

Fundi, nimepaka rangi ya kuzuia fangasi, madoa yamerudi.
Yatarudi tu, dada. Rangi iko chini, maji yako juu. Anza na hatua ya tatu.

Kaka, mimi niko Mbezi, sina kiyoyozi, ila alfajiri bati linadondosha.
Usiku usio na mawingu bati hupoa kuliko hewa, umande ukashika chini yake. Toboa matundu ya hewa pande mbili zinazotazamana, weka wavu wa mbu, na utandike foili chini ya bati.

Nikiacha dirisha wazi kidogo kiyoyozi kikiwaka, unyevu si utatoka?
Utaingia, mama. Funga.