Kukusanya shilingi za fedha za Uingereza (1816–1946) kwa mfuko wa kawaida

Nilianza kwa bahati tu. Nilinunua kopo la vifungo kwenye gulio la Jumapili hapa Birmingham, na katikati ya vifungo vya makoti kulikuwa na shilingi ya 1918, imelika hadi masharubu ya mfalme yamebaki kivuli. Leo seti yangu imekamilika, na karibu kila sarafu iliyomo nimeshaibadilisha mara moja au mbili. Ninavyofanya ni hivi, pamoja na makosa niliyoyalipia.

Hatua ya 1: Jiwekee mpaka

Anayeanza hununua chochote kinachong'aa. Baada ya mwaka ana ndoo ya sarafu, lakini hana mkusanyiko. Mpaka wangu ni huu: shilingi tu, za 1816 hadi 1946, sarafu moja kwa kila muundo.

Miaka hiyo sikuiokota hewani. Mwaka 1816 Uingereza ilianza kufyatua upya sarafu zake zote za fedha katika kiwanda kipya cha Tower Hill, London, kwa mashine za mvuke, na watu wakaanza kubadilishiwa Februari 1817. Kuanzia hapo shilingi ina uzito wa gramu 5.66 na upana wa milimita 23.5 hivi, na madini yake ni yale ambayo sonara yeyote anayajua kwa namba: 925, yaani sehemu 925 za fedha katika 1,000. Mwaka 1920 ikashushwa hadi nusu fedha, maana baada ya vita bei ya fedha ilipanda hadi sarafu ikawa na thamani kubwa kwa sonara kuliko dukani. Mwaka 1947 fedha ikaondolewa kabisa: Uingereza ilikuwa na deni la kurudishia Marekani madini ya fedha iliyoyaazima wakati wa Vita vya Pili. Shilingi za baada ya hapo ni shaba na nikeli, na mimi sizigusi.

Ndani ya mpaka huo nahesabu miundo 15:

- George III: 1 (1816–1820)
- George IV: 3 (ya 1821, ya 1823–1825 yenye ngao ndani ya mkanda, ya 1825–1829 yenye simba juu ya taji)
- William IV: 1 (1834–1837)
- Victoria: 4 (kichwa cha ujana 1838–1887, kichwa kidogo cha Jubilei kuanzia 1887, kichwa kikubwa cha Jubilei 1889–1892, kichwa cha uzee chenye shela 1893–1901)
- Edward VII: 1 (1902–1910)
- George V: 3 (fedha 925 hadi 1919, nusu fedha kuanzia 1920, sura mpya ya nyuma kuanzia 1927)
- George VI: 2, kwa sababu kila mwaka zilitolewa ya Kiingereza, simba amesimama juu ya taji, na ya Kiskoti, simba ameketi na upanga na fimbo ya kifalme. Ya Kiskoti ilikuwa heshima kwa asili ya mkewe, Malkia Elizabeth.

Andika orodha hiyo kwenye daftari na uache nafasi tupu mbele ya kila mstari. Hizo nafasi ndizo zitakazokuongoza sokoni, si macho yako.

Hatua ya 2: Vifaa

Mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, lenzi inayokuza mara 10, kaliper ya plastiki ya kupimia upana, na taa ya meza yenye balbu moja. Mwanga wa tyubu ya darini hauonyeshi kitu. Tandika taulo mezani, na sarafu ishike ukingoni kwa vidole viwili, usiiguse usoni.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma uchakavu

Kwenye bahasha za wauzaji utakuta herufi: F ni iliyotumika sana lakini kila kitu kinasomeka, VF imetumika kiasi, EF imeguswa tu kwenye sehemu zilizoinuka, UNC haijawahi kuingia mfukoni. Kati ya F na EF ndipo pesa inapopotea, kwa kuwa muuzaji huipa yake daraja la juu nusu hatua na mnunuzi huiamini.

Usikariri maelezo. Jua pa kutazama. Kwa George III angalia nywele juu ya paji na majani ya taji lake. Kwa Victoria mzee, shela juu ya sikio. Kwa George V, nyusi na masharubu, kisha geuza umtazame simba puani. Hapo kuna mtego: kwa shilingi nyingi za kabla ya 1927, pua ya simba ilitoka butu tangu kiwandani, kwa hiyo ubutu huo peke yake si uchakavu. Kama pua ni butu lakini manyoya ya simba yana mistari mikali na uso wote una mng'ao, sarafu haijalika.

Edward VII ndiye msumbufu wa seti nzima. Mchongaji wake, de Saulles, alimtengeneza kwa mwinuko mdogo, na ndevu zikaanza kulainika mapema tu. Ya F utaipata popote. Ya EF utaitafuta kwa miaka, na bei yake utaiona.

Hatua ya 4: Jaza nafasi kwanza, kwa miaka ya kawaida

Usianze na nzuri. Jaza nafasi zote 15 kwa sarafu za F au VF za miaka isiyo adimu. Kwa anayekusanya sarafu moja kwa kila muundo, miaka adimu kama 1850 na 1854 za Victoria, au 1905 ya Edward VII, ni kulipa bei kubwa bila sababu kwa muundo uleule. Chukua 1817 kwa George III, 1824 na 1826 kwa George IV, 1902 au 1910 kwa Edward VII, 1916 hadi 1918 kwa George V. Kwa Victoria kijana, chukua yenye namba ndogo juu ya mwaka, za kati ya 1864 na 1879: hiyo ni namba ya chapa iliyotumika kuifyatua, na haikuongezei gharama.

Kwenye maonyesho ya sarafu, pita kwanza kwenye trei za mchanganyiko zilizo pembeni mwa meza. Kabla ya kutoka nyumbani piga hesabu ya sonara: shilingi nzima ya kabla ya 1920 ina gramu 5.23 za fedha safi, ya baada yake ina 2.83. Zidisha kwa bei ya siku. Hiyo ndiyo sakafu, na zilizolika sana huuzwa karibu nayo.

Kwenye mnada kumbuka kamisheni, maana mnunuzi naye hukatwa. Ikiwa ni asilimia 20 na VAT ya asilimia 20 juu ya kamisheni hiyo, pauni 50 zinakuwa 62 kabla ya posta.

Tahadhari kwa mliopo Afrika Mashariki: mkikuta kabatini kwa babu shilingi yenye kichwa cha George V na simba mbele ya milima, hiyo ni shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza 1921. Ni kubwa na nzito kuliko ya Uingereza, gramu 7.8, lakini fedha yake ni robo tu. Ni seti nyingine, na nzuri. Usiichanganye na hii.

Hatua ya 5: Tazama uso kabla ya daraja

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na shilingi ya 1887 yenye kichwa cha Jubilei, kile ambacho taji lake dogo lilichekwa na Waingereza wenyewe. Ilikuwa na weusi wa bluu ukingoni. Nikaisugua kwa dawa ya meno. Ilitoka nyeupe pe, nikafurahi, nikaipeleka kwenye maonyesho kuibadilisha. Muuzaji aliigeuza mara moja tu chini ya taa yake akaniambia, "Hii nitakupa bei ya madini yake tu." Sikuelewa hadi aliponiwekea yake pembeni.

Weka sarafu chini ya balbu uizungushe polepole. Uso halisi una mng'ao unaotembea, kama spoku za baiskeli zinapozunguka juani. Iliyosuguliwa inang'aa yote kwa mpigo mmoja kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na kwa lenzi utaona mikwaruzo midogo inayoelekea upande mmoja. Weusi, kijivu, hata rangi ya zambarau ya umri ni ngozi yake. Ukiitoa hairudi. Mimi leo naichukua F yenye ngozi yake na kuiacha EF iliyosuguliwa.

Kagua pia ukingo, hasa juu ya kichwa. Shilingi nyingi za Victoria ziligeuzwa vidani na vifungo. Kitanzi kikitolewa hubaki doa la risasi ya kuchomelea, au meno ya ukingoni yanakuwa yamelazwa sehemu moja.

Na bandia? Pima. Iliyolika halali inaweza kushuka hadi gramu 5.3 hivi, lakini sarafu yenye michoro mikali ikasoma 5.1 au 6 irudishe. Ikinaswa na sumaku, hakuna mjadala. Mstari wa kiungo kuzunguka ukingo ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu, na sarafu za kweli hazimiminwi, hufyatuliwa.

Hatua ya 6: Hifadhi

Vibahasha laini vya plastiki vyenye harufu ya pazia la bafuni ni vya PVC. Baada ya miaka huacha ute wa kijani. Tumia bahasha za karatasi isiyo na asidi au vikasha vigumu vya plastiki. Ute ukishaingia, loweka sarafu kwenye asetoni halisi, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali, kisha iache ikauke yenyewe bila kufuta. Droo ya mwaloni iepuke. Mbao hizo hutoa asidi.

Hatua ya 7: Kupandisha daraja

Kosa langu kubwa la pesa lilikuwa hapa. Kwa William IV nilinunua F kwa pauni 20, kisha iliyozidi kidogo kwa 35, kisha VF kwa 75. Mbili za mwanzo nikaziuza jumla kwa 30. VF ya 75 ikawa imenigharimu 100.

Siku hizi sibadilishi kwa nusu hatua. Mpya lazima iizidi ya zamani kwa daraja mbili zilizo wazi, mfano F kwenda EF, au iwe na uso halisi wakati ya zamani ilisuguliwa. Naziweka zote mbili kwenye taulo, taa ileile, naziangalia asubuhi na tena usiku. Nikihitaji lenzi ili kuona tofauti, mpya inarudi kwa muuzaji. Ndiyo maana siku ya kununua huuliza kwanza kama naweza kuirudisha.

Anza na ile inayokuchubua macho ukifungua droo, si ile iliyo nafuu sokoni wiki hii. Zile za 1937 hadi 1946 ziache mwisho: za UNC bado zinapatikana kwa bei ya chakula cha mchana, hazikimbii.

Sarafu iliyotolewa ikae kando hadi zifike tano au sita, kisha iuze fungu zima kwa anayeanza seti. Ukiipeleka moja moja dukani, mimi hupewa kama nusu ya bei. Andika kwenye daftari ulinunua lini, kwa bei gani na ukaiuza kwa ngapi. Kwenye ukurasa wa Edward VII wangu kuna mstari mmoja tu, ya 1910, VF, miaka sita sasa. Mwezi uliopita nililetewa EF, ilikuwa imesuguliwa.