Kuchambua Mati na Sare kwa Stockfish: Mwongozo kwa Walimu wa Sataranji

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu mmoja wa Urambo, mkoani Tabora, ambaye programu ilimwonyesha kuwa mwanafunzi wake anashinda, ilhali mchezo wenyewe ulikuwa umekwisha kwa sare. Programu ilikuwa nzima. Ilinyimwa taarifa tu.

Hatua ya kwanza. Pakua Stockfish, injini (programu ya kuchambua sataranji) ambayo ni ya bure, na uifungue. Mimi huiendesha kwa kuiandikia amri, kwa kuwa programu nyingi zenye ubao wa rangi humficha mtumiaji kile hasa kilichotumwa kwa injini.

Hatua ya pili. Ukiona neno `mate` na namba 6, maana yake injini imepata njia ambayo, mpinzani ajitetee atakavyo, mfalme wake atanaswa ndani ya miendo 6. Kwa kuwa hukata matawi mengi ya hesabu ili kuokoa muda, huenda ipo mati fupi zaidi ambayo haijaiona, na hivyo namba ikishuka kadiri unavyoiacha ifikiri, usishangae.

Hatua ya tatu. Hapa ndipo penye kazi. Ushahidi wa mati uko mbele, katika miendo ijayo, lakini ushahidi wa sare nyingi uko nyuma, katika miendo iliyokwisha kuchezwa. Sare ya marudio hudai hali ileile ya ubao itokee mara 3, zamu ikiwa ya mchezaji yuleyule na haki zilezile za kusogeza kete zikiwapo. Ukinakili hali ya ubao peke yake kwa maandishi ya FEN (mstari mmoja unaoeleza kete zilipo na zamu ni ya nani), kama alivyofanya mwalimu yule, historia yote inafutika, na injini huona kana kwamba hali hiyo imetokea kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo usitume `position fen` pekee. Tuma `position startpos moves`, kisha uorodheshe miendo yote tangu mwanzo, kwa mfano `e2e4 e7e5`.

Ikiwa huna budi kutumia FEN, kagua sehemu yake ya tano. Hiyo huhesabu miendo ya kila upande iliyopita bila kete kuliwa wala kitunda kusogezwa, na ikifika 100, yaani miendo 50 kwa kila mchezaji, sare inaweza kudaiwa. Watu wengi huandika 0 hapo kwa mazoea, jambo ambalo huipa injini miendo 50 ya bure. Kumbuka pia kwamba injini huhesabu sare papo hapo, ilhali mbele ya mwamuzi mchezaji sharti aidai. Kwa kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, mchezo husimamishwa bila madai hali ikijirudia mara 5 au ikipita miendo 75. Mwendo wa mwisho ukiwa mati, mati ndiyo inayohesabiwa.

Hatua ya nne. Tafuta ngome zisizovunjika, yaani hali ambazo upande ulio nyuma kwa kete hujilinda usiweze kushindwa. Mweupe akiwa na kitunda cha safu ya a na askofu wa miraba myeusi, naye mfalme mweusi ameshika a8, hakuna ushindi, kwa sababu askofu huyo hawezi kamwe kuufikia mraba huo. Katika ngome kubwa zaidi, zenye vitunda vilivyofungana, injini inaweza kudumu kuonyesha faida kubwa huku ikizungusha kete bila kusonga mbele. Dawa ni kuiacha ijichezee yenyewe: alama zikipungua kadiri hesabu ya miendo 50 inavyokaribia, shuku sare.

Hatua ya tano. Weka majedwali ya Syzygy, yaani majibu yaliyokwisha kuhesabiwa ya hali zenye kete chache, yaliyotengenezwa na Ronald de Man mwaka 2013, kupitia mpangilio wa `SyzygyPath`. Hayo hayakisii, na huzingatia kanuni ya miendo 50. Yale ya kete 3 hadi 5, wafalme wakiwamo, yana ukubwa wa takriban GB 1, nayo yanatosha. Ya kete 6 yanakaribia GB 150, na kuyapakua kwa bando la simu ni kutupa fedha. Mwenzako akiwa nayo, nakili kutoka kwenye diski yake.