Kudaka kwanza, mbio baadaye: mwongozo wa kurejesha mateke kwa vijana wa Mtwara na Lindi

Kazi ya mrejeshaji katika futiboli ya Kimarekani ni fupi kuieleza: wapinzani wanapiga mpira mrefu juu, wewe unaudaka na kukimbia nao kuelekea kwao mpaka wakuangushe. Wengi wakisikia hivyo wanaona ni kazi ya mwenye mbio. Mbio zinatakiwa, ila kinachomfukuzisha mtu kazi ni mikono. Kwa hiyo kocha anayetafuta mrejeshaji kwenye mazoezi ya Nangwanda Sijaona au Ilulu aanze na golikipa, kisha ndiyo amwangalie winga. Golikipa ameshazoea kusimama chini ya mpira wa juu huku watu wawili wanamjia, na macho hayamtoki kwenye mpira.

Mfano wa kusoma ni Devin Hester. Timu ya Chicago Bears ilimchukua mwaka 2006, na Februari 2007 alirejesha teke la kwanza kabisa la Super Bowl, yaani fainali ya NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, kwa yadi 92 mpaka tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, nyuma ya mstari wao wa goli. Mwaka 2024 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la mchezo huu, mchezaji wa kwanza kuingia humo hasa kwa kazi hii.

Mpira wenyewe

Una urefu wa sentimita 28 hivi, uzito wa gramu 397 hadi 425, na hujazwa upepo wa psi 12.5 hadi 13.5. Kwa kuwa haupatikani kirahisi huku, anza na mpira wa ragbi namba 5. Urefu unakaribiana, ila wa ragbi ni mnene na ncha zake ni butu, kwa hiyo aliyezoea huo tu akikutana na wa Kimarekani unampenya katikati ya viwiko. Kabla ya majaribio yoyote fanya walau mwezi mmoja na mpira halisi. Ujaze kwa pampu yenye geji, na usiuache juani: hewa ya ndani inatanuka, mpira unakuwa mgumu kama dafu na unagonga kifua na kuruka.

Kudaka

Hapa ndipo golikipa anapopaswa kusahau kidogo. Yeye hudaka kwa viganja mbele ya uso. Mrejeshaji anaupokea mpira kama anayepokea mtoto mchanga: viganja vinatazama juu, vidole vidogo vimegusana, viwiko vimebanwa kwenye mbavu, mpira unashukia kati ya kifua na tumbo. Kosa la kwanza ni viwiko kuachana, mpira ukapita katikati. La pili ni kuinua macho kuwatazama wanaokuja robo sekunde kabla mpira haujafika. Uangalie mpaka uuone umegusa jezi, ndipo utazame mbele. Ukishaudaka, vidole vifunike ncha ya mbele, ncha ya nyuma ijifiche kwapani, na uubebe kwa mkono ulio upande wa mstari wa nje.

Wahi kwanza mahali utakapoangukia, ndipo udake. Anayedaka huku anarudi kinyumenyume hupoteza mpira, na hata akiushika hana mwendo. Kwenye teke la kuanzia simama hatua tatu au nne nyuma ya hapo unapodhani utatua, uupokee ukiwa unakwenda mbele.

Panti, yaani teke ambalo mpigaji anauachia mpira kutoka mkononi na kuupiga kabla haujagusa chini, ni ngumu zaidi kwa sababu mpira unapanda juu sana na unaweza kukaa hewani sekunde nne na zaidi. Soma ncha yake ukiwa juu. Ikibaki imeelekea juu, mpira utafia njiani, kimbilia mbele. Ikipinduka na kuelekea chini, utakwenda mbali kuliko ulivyodhani, rudi nyuma mapema. Mpigaji wa mguu wa kushoto anauzungusha kinyume, nao unapinda kinyume. Waliozoea mguu wa kulia pekee huumbuka hapo.

Kisha kuna upepo, na kwa hilo pwani ya kusini ni shule nzuri. Wakati wa kusi fanyia mazoezi ufukweni Shangani au kandokando ya ghuba ya Mikindani, mchana upepo ukishakolea. Funga kipande cha kanga kwenye mnazi ili uone unavuma kutoka wapi. Siku moja simama upepo ukikupiga usoni, siku nyingine ukikupiga mgongoni. Wa mgongoni ndio mgumu: unausimamisha mpira hewani na kuusukuma kuelekea kwa mpigaji, na mrejeshaji aliyebweteka anauona ukitua hatua tano mbele yake.

Kwa siku moja mipira 60 inatosha. Ishirini ya kurushiwa kwa mkono, ukirekebisha viwiko tu. Ishirini ya kupigwa na mwenzako kutoka mita 35 hadi 40. Ishirini ya mwisho udake huku tayari umebeba mpira mwingine kwapani. Zoezi hili linakulazimisha kwenda chini ya mpira badala ya kuunyooshea mikono. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, wengi wanakuwa shambani mpaka jioni. Punguza hadi mipira 20, lakini usiache kabisa.

Kuamua

Kwenye panti unaruhusiwa kuomba kudaka bila kuguswa. Nyoosha mkono mmoja juu kabisa ya kichwa na uupunge huku na huku. Mkono wa nusunusu, kama unamwita muuza kahawa, ni kosa na timu inaadhibiwa. Ukishaomba huwezi kukimbia na mpira. Omba pale mpinzani anapokuwa hatua chache tu kutoka kwako wakati mpira bado uko juu.

Kanuni ya zamani ya makocha: weka visigino kwenye yadi ya 10, yaani yadi 10 kutoka mstari wenu wa goli, na usirudi nyuma yake. Mpira ukikupita kichwani, uache. Huenda ukaingia eneo lenu la mwisho na timu yenu ikaanzia yadi ya 20. Ukidunda karibu na wenzako, wapigie kelele neno mlilokubaliana, mathalani “Moto!”, wautoroke. Mpira ukimgusa mwenzako mmoja tu, wapinzani wana haki ya kuuchukua.

Teke la kuanzia lilibadilishwa na NFL mwaka 2024. Wenzake kumi wa mpigaji hujipanga kwenye yadi ya 40 ya upande wenu, wazuiaji wenu wengi hatua chache tu mbele yao, na hakuna wa kusogea mpaka mpira uguse ardhi au mrejeshaji. Ukitua kati ya mstari wa goli na yadi ya 20, lazima urejeshwe. Ukiingia eneo la mwisho moja kwa moja na ukauacha, tangu 2025 mnaanzia yadi ya 35. Maana yake kwa miguu yako: watu wameshakaribiana, kwa hiyo nafasi hufunguka mara moja na kufunga. Chagua uwazi mmoja, ingia kwa kasi, geuka mara moja tu. Chenga za kuzungukazunguka zinawapa muda wa kukufikia.

Mbio na njia ya kufika

Kipimo ni yadi 40, sawa na mita 36.58. Pima kwa futi ya fundi, weka alama kwenye kamba, uitunze. Warejeshaji wazuri wako kwenye sekunde 4.3 hadi 4.5. Saa ya simu inayobonyezwa kwa kidole hukupendelea, ongeza sekunde 0.2 kwenye muda wako. Mchanga wa ufukweni unajenga nguvu, lakini pima kwenye ardhi ngumu ukiwa na njumu.

Hakuna timu inayomwajiri mtu wa kurejesha peke yake. Kikosi ni watu 53, na mrejeshaji huhesabiwa kama mpokeaji, mkimbiaji au beki wa pembeni. Jifunze mojawapo. Louis Rees-Zammit, winga wa ragbi wa Wales, alijaribu mwaka 2024 akiwa na mbio zote, akaishia kwenye kikosi cha mazoezi, na mwaka uliofuata akarudi kwenye ragbi.

Mlango wa kwanza ni chuo cha Marekani, kwa hiyo matokeo ya kidato cha nne na Kiingereza ni sehemu ya mazoezi. Wa pili ni mpango wa NFL wa wachezaji wa kimataifa, ulioanza 2017. Kambi zake za Afrika zimefanyika Ghana mwaka 2022 na Kenya 2023. Anayekudai pesa ili akupeleke majaribio, mwache.

Mshahara wa chini wa mchezaji mpya mwaka 2025 ulikuwa dola 840,000, lakini hulipwa kadiri unavyobaki kikosini, na mwisho wa Agosti kila timu huwaondoa watu mpaka wabaki 53.

Video ya kutuma isizidi dakika mbili. Anayerekodi asimame nyuma ya mrejeshaji ili mpira uonekane tangu unapopigwa, video isikatwe katikati, na isiwekwe muziki. Sekunde tano za kwanza ziwe na jina, mwaka wa kuzaliwa, urefu, uzito na muda wa yadi 40.