Deki ya video ya VHS ikitafuna mkanda, hesabu sekunde kabla ya kushika bisibisi

Tuanze na mgonjwa aliye hoi. Kaseti imenasa ndani, mkanda umejisokota, na wewe umeshabonyeza kitufe cha kuitoa mara kumi. Acha. Kila ukibonyeza, mota inavuta tena na mkanda unazidi kukunjamana. Chomoa waya ukutani, legeza skrubu za kifuniko, kinyanyue taratibu. Upande unakoingia waya wa umeme kuna pawa saplai, na hapo usiguse hata kama umechomoa. Kapasita yake kubwa, kwenye umeme wa volti 220 hadi 240, huweka akiba ya volti zaidi ya 300 na huweza kukaa nayo.

Tafuta mota ndogo yenye puli au gia ya mzungusho kama wa skrubu, mara nyingi iko ubavuni mwa kitanda cha kaseti. Hiyo ndiyo inayoshusha kaseti na kuupeleka mkanda kwenye ngoma, ile silinda inayong'aa. Izungushe kwa kidole, nusu mzunguko tu, uangalie nguzo mbili zenye rola zinazotembea ndani ya mifereji. Zikiielekea ngoma, umekosea upande; geuza. Zikirudi kwenye kaseti, endelea, lakini kila zikirudi kidogo simama, uzungushe rili ya kulia kwa kidole mpaka iumeze mkanda uliolegea. Hatua hii ndiyo watu wanayoiruka: nguzo zinarudi zote, mkanda bado unaning'inia, kimlango cha kaseti kinajifunga juu yake, basi. Deki nyingine hazina mota hiyo ndogo. Ile kubwa inayovuta mkanda ndiyo inayofanya kazi zote mbili, kwa hiyo utaizungusha hiyo.

Kaseti imetoka? Iweke mbali. Kwa majaribio mimi nina kaseti ya mazoezi ya viungo niliyoachiwa na mtu aliyekuwa anahama, naiita kafara. Imetafunwa mara nyingi mpaka mwalimu wa mazoezi ana mistari usoni. Tafuta na wewe kafara yako. Usijaribishe deki kwa kaseti ya harusi ya mtu.

Kisha zima taa ya mezani. Sitanii. Kuna jioni nzima niliyoipoteza kwa deki iliyokataa kabisa kucheza: unaingiza kaseti, inasita, inaitema. Nikafungua swichi ya gia, nikaisafisha, nikairudisha, bado. Kumbe ni balbu niliyoiinamisha karibu ili nione vizuri. Mkanda wa VHS una kipande kinachopitisha mwanga kila mwisho, na ndani ya deki kuna taa ndogo ya infraredi katikati na sensa moja kila upande. Mwanga ukiifikia sensa, deki inajua mkanda umeisha. Balbu yangu ilikuwa inamulika sensa moja kwa moja, na deki ikawa inaamini mkanda umeisha kabla haujaanza. Siku hizi nafanyia kazi kwenye kivuli, na tochi naiwasha deki ikiwa imesimama tu.

Sasa ingiza kafara, bonyeza kitufe cha kucheza, na uhesabu.

Nguzo zikisimama njiani kabla ya kufika mwisho wa mifereji, tatizo liko kwenye safari hiyo yenyewe. Belti ya mota ndogo imelegea, au grisi ya zamani kwenye mifereji imekuwa ngumu kama nta, au swichi ya gia imechafuka. Swichi hiyo ndiyo inayoiambia deki gia zimefika hatua gani. Ikitoa taarifa ya uongo, deki inasimama katikati, inarudi nyuma, inajizima. Grisi ifute yote kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili, kisha upake mpya kidogo sana. Belti iliyoyeyuka na kuwa kama lami ioshe kwenye puli kwa alkoholi hiyohiyo. Swichi ukiitoa, piga picha kwanza. Gia za hapo zina vitundu au mishale inayotazamana, na ukikosea jino moja tu, deki itasaga meno mpaka kitu kivunjike.

Nguzo zikifika, picha ikatokea, halafu baada ya sekunde chache deki ikasimama yenyewe, hamisha macho yote kwenye rili ya kulia. Chini yake kuna sensa inayohesabu mizunguko. Isipopata hesabu, deki inachukulia kwamba mkanda unamwagika ndani, nayo inasimama ili isiutafune. Kwa hiyo inayosimama namna hii bado ina akili timamu. Kama rili inazunguka vizuri na deki bado inasimama, pulizia vumbi kwenye sensa. Kama rili inasuasua, inazunguka na kukwama, au haizunguki kabisa, umempata mwizi.

Kwenye deki nyingi za zamani, kati ya rili mbili kuna kigurudumu kilichovishwa tairi dogo la mpira. Kinaegemea kushoto wakati wa kurudisha mkanda na kulia wakati wa kucheza. Tairi hilo likizeeka linang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na linateleza. Liguse kwa ukucha: zima linanata kidogo, bovu linateleza kama kioo. Lisugue kwa alkoholi, kisha ukwaruze kwa msasa laini mpaka mng'ao uishe. Kama huna jipya, livue uligeuze ndani nje, upande ambao haujachakaa ugeukie rili. Hiyo ni dawa ya muda, ingawa ninayo deki moja iliyoishi na tairi lililogeuzwa muda mrefu mpaka nikasahau. Deki za baadaye ziliacha tairi zikatumia gia yenye klachi ya kitambaa. Hapo tazama meno yaliyovunjika na klachi iliyochoka.

Tairi hilohilo ndilo linaloeleza kwa nini deki inacheza sinema nzima bila shida kisha inatafuna mkanda wakati wa kuutoa. Nguzo zinaporudi lazima rili iuvute mkanda ndani. Mpira ukiteleza wakati huo, mkanda unabaki nje. Ukiona mkanda umekunjamana kwenye ukingo mmoja, mshukiwa mwingine ni rola nyeusi ya mpira inayoubana mkanda kwenye kijiti cha chuma. Ioshe kwa alkoholi pamba itoke safi, na kijiti pia. Ikiwa ngumu na imepasuka, haioshwi, inabadilishwa.

Hedi, vile vidude vidogo vya kwenye ngoma vinavyosoma picha, hazihusiki na utafunaji, ila kwa kuwa kifuniko kiko wazi, zisafishe. Kijiti chenye ngozi laini, alkoholi kidogo, kishike kimetulia ubavuni mwa ngoma na uzungushe ngoma kwa mkono. Usipandishe wala kushusha kijiti, na usitumie pamba. Nyuzi zake hunasa ncha ya hedi na kuing'oa. Ngoma hiyo ya milimita 62 hupiga mizunguko 1500 kwa dakika kwenye deki za mfumo wa runinga wa PAL na karibu 1800 kwenye za mfumo wa NTSC, huku mkanda wa PAL ukitambaa takriban sentimeta 2.3 tu kwa sekunde. Uchafu mdogo tu unatosha kuijaza skrini theluji.

Skrubu zilizo juu ya zile nguzo mbili usiziguse. Mimi nilizigusa, robo mzunguko kila moja, nikidhani nazikaza. Deki ile ikawa inasoma kanda ilizozirekodi yenyewe peke yake kwa mwezi mmoja, kisha hata hizo ikazikataa. Sasa ni ghala la vipuri.

Nikimaliza, naipeleka kafara mbele mpaka karibu na mwisho ndipo nabonyeza kitufe cha kucheza. Rili ya kulia ikiwa imejaa inadai nguvu zaidi, na tairi lililochoka linaloweza kupita dakika 20 za mwanzo bila aibu hapo huumbuka. Natoa, naingiza, natoa tena, kifuniko kikiwa bado wazi, nautazama ukingo wa mkanda kama una mawimbi. Ukingo usipokuwa na mawimbi, ndipo naichukua kaseti ya mwenyewe, naifungua kimlango na kuchungulia rili kupitia dirisha lake. Nikiona vumbi jeupe la ukungu kwenye mkanda, haiingii kwenye deki yangu.