Uji wa mchele kwa mgeni aliyeugua Tanga

Mgeni akiugua ugenini hutamani supu ya kwao. Usizunguke mtaa mzima wa Ngamiani, hapo Tanga, ukiitafuta. Mpikie uji wa mchele, hauna ugeni mwingi.

Loweka nusu kikombe cha mchele kwa nusu saa, uutwange kidogo ubaki chengachenga. Chemsha kwa vikombe 5 vya maji, chumvi kidogo na kipande cha tangawizi. Moto uwe mdogo, dakika 30 hivi, mwiko ufike chini maana ndiko unakoshika. Ukishaungua usikwangue: hamishia wa juu sufuria nyingine, la sivyo wote utanuka moshi.

Tui kikombe kimoja hutiwa mwisho. Koroga bila kuacha, likianza tu kutokota epua. Likichemka kwa fujo hukatika, mafuta yakaelea, na mwenye kichefuchefu hataki hata kuyaona.

Anayeharisha usimtilie tui. Mpe pia maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS). Yakikosekana, lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anywe kidogokidogo.

Akiwa na homa, uji utasubiri: kwanza akapime malaria.