Usiiulize ruta kama ipo tu, iulize imewaka tangu lini

Habari za kazi, wenzangu. Somo la leo ni la fundi anayekaa Tanga mjini huku vifaa vyake vimetawanyika: ruta Pangani, swichi Muheza, aksesipointi (kifaa cha kurusha Wi-Fi) juu ya paa Lushoto. Ukipanda gari kila unapopigiwa simu, nauli itakula ujira wote. Tutatumia `snmpget`, programu ya bure inayokubali hata kwenye laptopu kuukuu yenye Linux.

Nianze na kilichonifundisha. Nilikuwa nahudumia nyumba moja ya wageni Pangani, kama kilomita 50 kutoka hapa. Jioni kwa jioni dada wa mapokezi alinipigia: "Fundi, mtandao umekata, wageni wanalalamika." Nami nikiwa Ngamiani, hapa Tanga mjini, napiga `ping`, ruta inajibu vizuri tu. Namwambia mbona naiona, jaribuni tena. Tulivutana hivyo wiki mbili, na nasikitika kusema sikumwamini. Siku moja, saa moja na nusu usiku, nikaiuliza ruta imewaka kwa muda gani. Ikajibu dakika 41. Kesho yake wakati uleule, dakika 38. Kumbe mlinzi akiingia zamu alikuwa anachomoa plagi ya ruta, anachomeka birika la umeme, anachemsha maji ya chai, kisha anairudisha plagi kwa uangalifu kabisa. Mpaka mimi napigiwa simu, ruta imeshaamka. Tukamwekea mlinzi soketi yake, na kesi ikaisha.

Amri ya `ping` aliitunga Mike Muuss mwaka 1983, na swali lake ni moja: upo? Kifaa kilichoamka sasa hivi na kilichokesha mwaka mzima vyote vitajibu "nipo". Huku kwetu umeme ndio unaosumbua vifaa kuliko kitu kingine, kwa hiyo swali hilo peke yake halitoshi.

Hatua ya 1: Kuweka programu

`sudo apt install snmp`

Kisha ingia kwenye mipangilio ya kifaa chenyewe, uwashe SNMP (lugha ya kuulizia vifaa vya mtandao hali zao), ubadilishe neno la siri kutoka `public` lililokuja nalo kiwandani, na uruhusu anwani ya kompyuta yako peke yake.

Hatua ya 2: Njia ya kupita

Hapa naomba msikilize vizuri. SNMP toleo la 2c hulituma neno la siri likiwa wazi, yeyote aliye njiani analisoma. Usiufungue mlango wa UDP namba 161, ambao SNMP hupokelea maswali, kwenye intaneti hata kwa siku moja. Anayeukuta wazi atasoma habari za mtandao wako, na anaweza kukitumia kifaa chako kuwamwagia wengine mafuriko ya pakiti. Pitisha kila kitu ndani ya VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti. Mimi natumia WireGuard, na vifaa vyangu nimevipa anwani za 10.20.0.x.

Hatua ya 3: Usiandike neno la siri kwenye kila amri

Likiwa kwenye amri, linaonekana kwa kila anayetumia kompyuta hiyo. Tengeneza faili `~/.snmp/snmp.conf`, uandike:

```
defVersion 2c
defCommunity nenolakolasiri
```

Malizia na `chmod 600 ~/.snmp/snmp.conf`, ili isomwe na wewe tu.

Hatua ya 4: Swali lenyewe

`snmpget 10.20.0.2 1.3.6.1.2.1.1.3.0`

Jibu la ile ruta ya Pangani lilikuwa la namna hii:

`iso.3.6.1.2.1.1.3.0 = Timeticks: (247318) 0:41:13.18`

Namba iliyo kwenye mabano ni muda kwa sehemu za mia za sekunde. Inayofuata ni saa, dakika na sekunde. Ile namba ndefu yenye nukta ni anwani ya swali, na ni ileile kwa ruta za kampuni zote. Inakilini kwenye daftari, msiikariri.

Ukitaka kujua milango ipi ya swichi imeunganishwa, tumia `snmpwalk 10.20.0.3 1.3.6.1.2.1.2.2.1.8`. Moja maana yake mlango unafanya kazi, mbili maana yake umelala.

Hatua ya 5: Kompyuta ikeshe badala yako

Andika vifaa vyako kwenye `vifaa.txt`, kila mstari anwani na jina. Kisha skripti `angalia.sh`:

```
#!/bin/bash
while read -r ip jina; do
  muda=$(snmpget -t 3 -r 2 -Oqvt "$ip" 1.3.6.1.2.1.1.3.0 2>/dev/null)
  if [ -z "$muda" ]; then
    echo "$(date '+%F %H:%M') $jina HAIJIBU"
  elif [ "$muda" -lt 90000 ]; then
    echo "$(date '+%F %H:%M') $jina IMEWAKA UPYA"
  fi
done < /home/fundi/vifaa.txt >> /home/fundi/daftari.txt
```

Hiyo 90000 ni dakika 15. Ipe ruhusa kwa `chmod +x angalia.sh`, halafu fungua ratiba ya kazi za kompyuta kwa `crontab -e`, uongeze mstari huu wa kuiendesha kila dakika 15:

`*/15 * * * * /home/fundi/angalia.sh`

Zile `-t 3 -r 2` msiziache. Zinaiambia programu isubiri sekunde 3, na isipojibiwa irudie mara 2. Pakiti ya UDP ikipotea njiani imepotea, na bila kurudia utapata taarifa za uongo usiku kucha.

Maswali ya wenzetu

*Kutoka Muheza:* Shikamoo kaka. Ping inajibu, lakini snmpget inaniambia "Timeout: No Response". Nimekosea wapi?

Marahaba, mdogo wangu. Anza na neno la siri. Ukilikosea kwenye 2c, kifaa hakikwambii umekosea, kinanyamaza tu. Likiwa sahihi, hakikisha SNMP imewashwa na anwani yako imeruhusiwa. Ukikwama, fungua dirisha la pili uandike `sudo tcpdump -ni wg0 udp port 161` (`wg0` ni jina la njia ya WireGuard), uone kama swali linatoka na kama kuna jibu linalorudi.

*Kutoka Korogwe:* Fundi, seva yetu ya Linux inasema imewaka saa 2 zilizopita, na mimi nina hakika haijazimwa tangu mwezi uliopita.

Una haki. Namba ile huhesabu tangu programu ya SNMP ilipoanza. Kwenye ruta na swichi kwa kawaida huanza pamoja na kifaa, lakini kwenye seva mtu akiianzisha upya programu hiyo, hesabu inarudi sifuri. Kwa seva uliza `1.3.6.1.2.1.25.1.1.0`.

*Kutoka Chumbageni:* Naweza kujua laini inatumika kwa kasi gani?

Ndiyo. Soma `1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6.` ukimalizia na namba ya mlango, subiri sekunde 60, soma tena. Toa ya kwanza kwenye ya pili, zidisha kwa 8, gawa kwa 60. Tofauti ikiwa baiti 37,500,000, basi zimeingia megabiti 5 kwa sekunde. Kuna kaunta ya zamani ya biti 32, hiyo iache: kwenye laini ya megabiti 100 iliyojaa, inajaa na kuanza upya kabla ya dakika 6.

*Kutoka Pangani:* Daftari likiandika HAIJIBU, nitajuaje kama ni umeme au ni laini?

Weka ruta kwenye UPS (betri ya akiba), swichi uiache kwenye umeme wa kawaida. Swichi ikinyamaza na ruta bado inajibu, karibu kila mara ni umeme. Zikinyamaza zote mbili kwa pamoja, anza na laini. Na kabla hujapanda gari, mpigie aliyeko pale umuulize taa zinawaka.